Kutaka kiti kizuri nyumbani sio kudeka

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako nitoe dukuduku ambalo limenikaa kifuani tangu wiki iliyopita. Tulikuwa kwenye kikao kazini, ajenda ilikuwa siku za kufanyia kazi nyumbani, ziendelee kuwa mbili kwa wiki au zifutwe, na dada mmoja wa kitengo cha mahesabu akaomba kwa adabu kabisa kwamba kama ofisi inataka tuendelee na hizo siku mbili basi isaidie angalau kiti na skrini. Bosi akamkata kauli. Akasema, "Lokdauni imewadekeza nyie, mwanzoni mlikuwa mnakaa popote na kazi zinaenda, sa hivi kila mtu anataka starehe." Watu wakanyamaza. Na mimi nikanyamaza, na hicho ndo kinaniuma mpaka leo, kwaiyo naandika.

Lililonikwama kooni ni hilo neno starehe. Kwa Kiswahili chetu ukisema starehe mtu anaelewa anasa, kujiachia, kula maisha. Sasa yule dada hakuomba anasa, aliomba kitu cha kukalia akiwa anamfanyia kazi huyo huyo bosi. Ofisini kwetu hakuna mtu anayeita kiti starehe, kiti ni kifaa cha kazi kama ilivyo kalamu, kimeandikwa mpaka namba kwa rangi nyeupe kwenye mguu ili kisiibiwe. Hivi kikivuka mlango wa ofisi kikaingia nyumbani kwangu ndo kinabadilika kinakuwa starehe?

Turudi nyuma kidogo maana naona watu wameshaanza kusahau ilivyokuwa. Tarehe 23 Januari 2020 China ilifunga mji wa Wuhan na ukakaa umefungwa hadi tarehe 8 Aprili. Tarehe 11 Machi Shirika la Afya Duniani likasema Korona sasa ni janga la dunia nzima, wakati huo Italia walikuwa wameshajifungia, Ufaransa wakafuata tarehe 17, Uingereza tarehe 23, na India usiku wa tarehe 24 waziri mkuu wao akatangaza kwamba watu zaidi ya bilioni 1.3 wabaki majumbani kuanzia saa sita usiku, yani notisi ya masaa manne. Masaa manne! Hapo mtu anatafuta meza ya kufanyia kazi saa ngapi? Duniani kote ilikuwa hivo hivo, hakuna aliyejiandaa, watu walibeba laptopu na chaja wakaambiwa ni wiki mbili tu, na kwa wiki mbili mtu anavumilia chochote. Kwaiyo hao "mlikuwa mnakaa popote" anaowasema bosi walikuwa ni watu wanaovumilia dharura. Uvumilivu wa dharura hauwezi kuwa ndo kipimo cha mtu anachostahili miaka yote inayofuata.

Mimi siku ya kwanza nilikaa kwenye kochi, laptopu mapajani, nikaona raha kweli. Siku ya tatu shingo ikakaza. Nikahamia meza ya kulia, lakini meza ya kulia ni ya familia nzima, watoto wanaitaka, mama watoto anaitaka, mara nne kwa siku unakusanya waya na makaratasi unapisha. Wiki ya pili nikaenda chumbani, nikafungua meza ya kupigia pasi, nikaishusha mpaka ikalingana na kitanda, nikakaa pembeni ya godoro. Ile meza upande mmoja ni mpana na upande wa pili imechongoka, laptopu nikaiweka kwenye upana na mausi ikabaki huku kwenye ncha, ikawa inadondoka kila mara. Alafu chini ya kitambaa chake kuna sponji, kwaiyo kila nikigonga herufi meza nzima inanesa na kamera inanesa nayo. Nimefanya kazi hapo miezi minne. Nimefunga mahesabu ya nusu mwaka hapo. Na kazi ilienda ndio, ila mgongo wangu wa chini haujawahi kurudi kama ulivyokuwa, daktari aliniambia wazi kwamba ni kile kukaa bila kuegemea kitu na magoti yakiwa juu ya nyonga.

Na ndo nilianza kuelewa mambo ambayo ofisini sikuwahi kuyawaza maana yalikuwa yameshawazwa na mtu mwingine. Laptopu kwa mfano ilivyotengenezwa skrini na kibodi vimeshikana, kwaiyo ukiiweka chini mikono inakaa vizuri lakini shingo inainama, na ukiiinua macho yakatazama sawa basi mabega yanapanda na vifundo vya mikono vinakunjika, huwezi kupata vyote viwili kwa pamoja mpaka utenganishe, yani uwe na kibodi ya pembeni au skrini ya pembeni. Ni hicho tu yule dada alikuwa anakisema. Kiti chenye mgongo, miguu ifike chini, viwiko vikunjike kama pembe ya kitabu, ukingo wa juu wa skrini uwe karibu na usawa wa macho. Hakuna anasa hapo, hiyo ni mifupa na misuli, na haijui kama uko ofisini au nyumbani.

Kitu kingine ni kwamba nyumba zenyewe tulikuwa hatuzijui. Nasema kweli. Nimekaa nyumba ile miaka sita kabla ya Korona na sikuwahi kuiona saa nne asubuhi siku ya kazi. Natoka hakujapambazuka vizuri narudi giza limeingia, Jumapili nimelala. Nilikuwa sijui kwamba jua linaingia dirisha la chumbani kuanzia saa tatu na linapiga ukuta mzima mpaka saa saba, ukikaa umelipa mgongo huoni kitu kwenye skrini na ukikaa umelitazama unaumia macho. Sikujua kwamba jirani wa juu ana cherehani na anaitumia mchana, wala kwamba mlango wa chumbani haufungi mpaka mwisho, unabaki mwanya wa vidole viwili na kila sauti ya sebuleni inapita hapo. Nyumba nyingi zimepangwa kwa ajili ya jioni, sehemu ya kulala na sehemu ya kukaa wageni wakija, hakuna aliyewaza watu wazima wawili na watoto watatu watashinda humo siku nzima kila mmoja na shughuli yake. Kwaiyo lokdauni ilituingiza ndani ya nyumba zetu wenyewe kwa mara ya kwanza tukaanza kuzikagua, na mtu akishajua kasoro ya nyumba yake hawezi tena kujifanya haoni, ndo maana sa hivi mtu akitafuta nyumba ya kupanga anauliza kitu ambacho zamani hakuulizwa dalali yeyote, kuna kona ya kuweka meza? mtandao unashika chumba kipi? mlango unafunga? Watu wanaita huko ni kupenda starehe kulikozidi. Mimi naona ni watu walioumia mara moja na hawataki kuumia mara ya pili.

Sasa hapa naomba niseme kitu ambacho sijawahi kukisema hadharani. Mimi ndo nilichukua chumba. Hatukukaa chini tukakubaliana, nilihamia tu na ile meza ya pasi nikasema nina mikutano, na ikawa imeisha hivo. Mke wangu kazi yake ni kupokea simu za wateja wa kampuni, masaa nane na hedifoni kichwani, na kazi ya namna ile inataka ukimya kuliko hata yangu. Yeye alibaki jikoni. Amesimama, laptopu juu ya kabati la vyombo, huku anamwelekeza wa darasa la pili kushika penseli na mdogo anamvuta nguo. Makelele yakizidi alikuwa anaingia bafuni anafunga mlango, na chini ya mlango anasokomeza taulo ili sauti isipite. Mimi nilikuwa nafikiri anaenda kupumzika. Tukiwa mwezi wa tatu wa kukaa hivo ndani nikaja kuliona daftari lake la kazi, kurasa zote zimejikunja kwa unyevu na wino umetawanyika sehemu, nikamuuliza daftari limefanyaje, akanijibu bila hasira yoyote, "Naandikia juu ya sinki baba, pale hamna sehemu nyingine." Nilikaa na lile daftari mkononi muda mrefu. Miezi mitatu mwenzangu alikuwa anawaambia wateja habari ya asubuhi nikusaidie nini akiwa amekalia mfuniko wa choo, na mimi nina chumba chenye dirisha.

Kwaiyo mtu akisema starehe ya nyumbani mimi siku hizi nauliza, starehe ya nani? Maana nyumba moja inaweza kuwa na ofisi nzuri ya mmoja na mateso ya mwingine. Shule zilifungwa nchi karibu zote, UNESCO walihesabu wanafunzi zaidi ya bilioni 1.5 wako nje ya madarasa kwa wakati mmoja, na hao watoto hawakwenda hewani, walikuja mezani kwetu, na katika nyumba nyingi aliyeacha kazi yake dakika kumi akawashughulikia ni mama. Na kuna nyumba ambazo hali ilikuwa mbaya kuliko ya taulo na sinki, shirika la Umoja wa Mataifa la wanawake liliita vipigo vya majumbani vilivyoongezeka kipindi kile kuwa ni janga la kivuli, kuna watu ofisi ilikuwa ndo sehemu yao pekee ya kupumua na tukawafungia na mtu anayewapiga. Nalisema hili kwa sababu wanaotetea kazi za nyumbani, na mimi nimo, huwa tunaongea kama vile kila nyumba ni nyumba.

Ila kuna jambo moja zuri lilitokea na sitaki lipotee. Mnamkumbuka yule Profesa Robert Kelly, Machi 2017, anahojiwa na BBC kwa video akiwa nyumbani kwake Korea Kusini, watoto wake wakaingia chumbani mubashara? Dunia nzima iliangalia ile video, ilikuwa habari kubwa kwamba mtu wa heshima ana watoto na watoto wamefungua mlango. Miaka mitatu baadaye ikawa ni kila nyumba kila siku. Zoom peke yake walisema washiriki wa mikutano kwa siku walitoka kama milioni 10 Desemba 2019 wakafika milioni 300 Aprili 2020, na katika hao milioni 300 niambie ni wangapi hawakusikia mtoto analia au mtu anauliza funguo ziko wapi. Tukaacha kuona aibu. Nimemwona meneja wangu anambembeleza mtoto mwenye homa huku anasoma ripoti, na tangu siku ile namheshimu zaidi. Tulijua kwamba mwenzako ana maisha, kitu ambacho ofisini tulikuwa tunakificha kama kosa.

Nirudi kwenye hoja ya bosi kwamba kazi zinaenda popote. Kuna utafiti ambao wenye ofisi wanapenda kuutaja nusu nusu. Profesa Nicholas Bloom wa Stanford na wenzake walifanya jaribio China, kampuni ya safari inaitwa Ctrip, miaka kumi kabla ya Korona, wafanyakazi 249 wa kitengo cha simu, wakagawanywa kwa kura nusu wafanyie nyumbani siku nne kwa wiki na nusu wabaki ofisini. Miezi tisa. Wa nyumbani ufanisi wao ukapanda asilimia 13, sehemu kubwa ni kwa sababu walipunguza mapumziko na siku za kuumwa, na sehemu nyingine ni kwamba kwa dakika ile ile walipokea simu nyingi zaidi, wenyewe wakasema ni kwa sababu ya ukimya. Hiyo wanaitaja. Wasiyoitaja ni kwamba ili uingie kwenye lile jaribio ilibidi uwe na chumba cha kufanyia kazi bila kusumbuliwa. Chumba! Ile asilimia 13 haikutoka kwenye sinki la bafuni. Na kitu cha pili, jaribio lilipoisha kampuni ikawaambia chagueni wenyewe, zaidi ya nusu wakahama walipokuwa, wengi wa nyumbani walikuwa wamechoka upweke wakarudi ofisini, na baada ya kila mtu kukaa anapoona panamfaa lile ongezeko la ufanisi likapanda hadi asilimia 22. Kampuni hiyo hiyo wamerudia jaribio miaka ya karibuni, watu 1,612, siku mbili nyumbani tatu ofisini kama sisi, matokeo yakatoka 2024 kwamba kazi haikushuka kabisa na walioacha kazi wakapungua kwa theluthi moja, na mameneja ambao mwanzoni walidhani ufanisi utaanguka wakabadilisha mawazo. Mimi nikisoma hivo naona kilicholeta faida sio nyumba na sio ofisi, ni mtu kuwa na sehemu inayomfaa na kuulizwa.

Wala wazo lenyewe sio la juzi. Mmarekani Jack Nilles ndo alilipa jina mwaka 1973, wakati ule watu wanapoteza masaa barabarani na mafuta yanapanda bei, akasema kwa nini tumpeleke mtu kwenye kazi badala ya kuipeleka kazi kwa mtu. Ila kazi ikipelekwa kwa mtu gharama zake nazo zinapelekwa, na hapo ndo sisi tumeumizwa bila kusaini popote. Ofisi ilikuwa inalipa umeme, intaneti, usafi, taa, feni, karatasi, maji ya kunywa, ulinzi. Leo siku zangu mbili za nyumbani vyote hivyo nalipa mimi, bando nanunua mimi, kiti nilinunua mimi kwa kujibana, na chumba ambacho nakilipia kodi kimeshakuwa tawi la ofisi. Ureno waliliona hili, mwishoni mwa 2021 wakapitisha sheria kwamba mwajiri alipe gharama za ziada za mtu anayefanyia kazi nyumbani kama umeme na intaneti, na asimsumbue mtu muda wake wa kupumzika. Na Shirika la Kazi Duniani lina mkataba wa mwaka 1996, namba 177, unaosema mtu wa kazi za nyumbani atendewe sawa na mwenzake wa ofisini, bahati mbaya nchi zilizouridhia ni chache. Kwaiyo sio kwamba hili jambo halifikiriki, limeshafikiriwa, limeandikwa, limekaa kwenye makabati.

Na muda jamani. Kwenye muda ndo tuliibiwa zaidi na hatukusikia hata mlango ukifunguliwa. Tulifurahi kwamba foleni imeisha, lisaa na nusu la kwenda na lisaa na nusu la kurudi tumeokoa, alafu yale masaa matatu yakamezwa. Saa moja asubuhi meseji ya WhatsApp, "uko macho?", saa tatu usiku "samahani kwa usumbufu ila naomba kile kifaili". Zamani ile safari ya kurudi pamoja na uchovu wake ilikuwa ni kama kivuko, ukishuka garini kazi imebaki ng'ambo. Sasa hakuna kivuko, unafunga laptopu unageuka na uko sebuleni, kichwa bado kina namba. Mimi nilikuwa nalala futi tatu kutoka kwenye ile meza ya pasi na usiku ka-taa ka kijani ka laptopu kanawaka na kuzima, na nilikuwa nakaangalia. Shirika la Afya na Shirika la Kazi walitoa hesabu Mei 2021 kwamba kufanya kazi masaa 55 au zaidi kwa wiki kulichangia vifo 745,000 vya kiharusi na moyo kwa mwaka 2016 peke yake, na hiyo ni kabla ya Korona, kabla laptopu haijaingia chumbani. Ufaransa tangu Januari 2017 wana haki ya mfanyakazi kutoshika simu ya kazi baada ya muda wa kazi, Australia wameanza Agosti 2024. Starehe ya nyumbani ninayoitaka mimi ya kwanza kabisa ni hiyo, kazi iwe na saa ya kutoka nyumbani kwangu kama mgeni yeyote mwenye adabu.

Najua atatokea mtu aseme mbona wenye viti vyenu mnalalamika, kuna watu hawakupata hata hiyo nafasi. Ni kweli, na nalichukua kwa uzito. Wachumi wawili wa Chicago, Dingel na Neiman, walipiga hesabu 2020 wakaona hata Marekani ni kazi kama asilimia 37 tu zinazoweza kufanyika zote nyumbani, na nchi zenye kipato kidogo ni pungufu ya hapo. Nesi hakufanyia nyumbani. Dereva, mlinzi, mfagiaji wa wodi, mwenye duka, wote walitoka wakati sisi tunazozana na kamera. Na kule India wale vibarua waliofungiwa bila kazi wengi walitembea kwa miguu mamia ya kilomita kurudi kwao. Sijawasahau. Lakini sioni jinsi kunyimwa kiti yule dada wa mahesabu kutamsaidia nesi kupata kiti kwenye zamu ya usiku. Wote wawili wanaomba kitu kimoja, mahali pa kazi pasipomuumiza mtu, na anayemjibu mmoja kwamba anadeka kesho atamjibu na mwingine hivo hivo.

Na sisemi ofisi zifungwe, hapana. Ofisi nimeikumbuka sana. Mwaka ule wa 2020 tuliajiri kijana mmoja, ametoka chuo, amepanga chumba kimoja, kitanda na ndoo na laptopu. Miezi saba hajaonana uso kwa uso na mtu yeyote wa kazini. Kwenye mikutano alikuwa anazima kamera na sisi tukawa tunasema huyu dogo mvivu. Siku tumerudi ofisini akakaa karibu yangu, kwa wiki mbili aliniuliza maswali ambayo angetakiwa kuyauliza siku ya kwanza, faili hili linahifadhiwa wapi, hii safu ni ya nini, nikamwambia mdogo wangu mbona hukuuliza muda wote huo, akasema, "Kaka, kukupigia niliona nakusumbua, hapa nakuona tu kama una nafasi." Na kamera alikuwa anazima kwa sababu nyuma yake kulikuwa na kitanda na nguo zake na hakuwa na ukuta mwingine. Kwa yule kijana starehe ni ofisi. Ana meza, ana feni, ana watu. Ukimwambia afanyie nyumbani siku tano unamwonea, na ukimlazimisha mke wangu aende siku tano kukaa ukumbi wa watu sitini wanaopiga kelele za simu kwa pamoja nako ni kumwonea.

Ndo maana hizi amri za jumla zinanikera, ziwe za kurudi au za kubaki. Kampuni kubwa za nje zimekuwa zikienda mbele na nyuma, Twitter Mei 2020 walisema mtu akitaka afanyie nyumbani milele, mwenye mali mpya Elon Musk akaja Novemba 2022 akafuta, Amazon wameita watu siku tano tangu Januari 2025, hata Zoom wenyewe ambao lokdauni ndo iliwapa jina, Agosti 2023 waliwaambia wafanyakazi wanaokaa ndani ya kilomita 80 warudi siku mbili kwa wiki. Mabosi wetu wanasoma hayo wanasema mnaona, hata wenyewe wamerudi. Sawa, lakini mbona hakuna anayesoma sehemu ya pili, kwamba kule anayerudishwa anarudi kwenye meza na kiti na skrini, hajaambiwa akae popote?

Ninachoomba mimi ni kidogo tu na kinawezekana. Siku mbili za nyumbani zikibaki, kila mtu aulizwe anafanyia wapi, na sio kwa fomu ya kujaza ndio au hapana, aulizwe kama mtu, una meza? una mlango? nani mwingine anatumia hicho chumba? Asiye na sehemu aruhusiwe kuja ofisini siku zote tano bila kuonekana ameshindwa. Mwenye sehemu apewe kiti na kibodi kwa mkopo wenye namba nyeupe kwenye mguu kama kile cha ofisini, akiacha kazi arudishe. Bando iwekwe kwenye hesabu ya ofisi. Na baada ya saa kumi na moja jioni simu ipigwe pale tu kitu kinapoungua.

Nyumbani kwetu tumeshapanga upya. Meza ya pasi imerudi kwenye kazi yake ya pasi. Chumba ni cha mke wangu Jumatatu hadi Jumatano maana ndo siku zake za simu, tumepigilia ule mwanya wa mlango ubao na kitambaa kizito, na mimi siku zangu ni Alhamisi na Ijumaa. Alinunua daftari jipya, kurasa zake zimenyooka. Kikao cha pili kazini ni Jumatatu saa nne, yule dada ameshaniambia yeye haongei tena. Nitaongea mimi, na nitaanzia pale pale alipokatwa kauli.

Msomaji wako wa siku zote,
Mfanyakazi wa ofisini na baba wa watoto watatu